ALIZIRAI AU ALITELEZA? Historia ya neno moja kwenye karatasi ya ajali

UZI 🧵

1. Kila mjadala wa sheria za kazi ukianza hapa nchini, sentensi moja lazima itoke: "Hakuna takwimu zinazoonyesha kwamba joto linaumiza watu kazini Kenya." Nimeisikia redioni, nimeisikia kwenye runinga, nimeisikia kwenye majukwaa ya pande zote. Kwenye uzi huu sitaji mwanasiasa wala chama. Nataka tu kueleza takwimu hizo huwa zinapotelea wapi. Ni historia ya zaidi ya miaka 100, na kwangu mimi inaanzia kwa mjomba.

2. Mjomba ni fundi wa mabati. Ni mtu wa Kinangop, kule ambako asubuhi za Julai unaweza kukuta nyasi zimeganda. Miaka mitatu iliyopita, mwezi wa Machi, alipata kazi ya kuezeka ghala kwenye mji mmoja wa Pwani. Siku ya tatu, kama saa saba mchana, alianguka kutoka juu ya paa. Nyonga ikavunjika. Alirudi nyumbani baada ya wiki sita akitembea kwa magongo, na mpaka leo hapandi ngazi.

3. Kwenye karatasi ya foremani sababu ilikuwa neno moja: "aliteleza." Sisi wote tuliamini hivyo. Mwaka jana nikiwa naandika kazi ya darasa kuhusu sheria za wafanyakazi, nilimpigia simu aniambie vizuri ilikuwaje. Akanyamaza kidogo, halafu akasema: "Sikuteleza. Niliona giza. Masikio yalivuma, mabati yakawa ni kama yanatembea, nikajikuta chini."

Nikamuuliza, sasa mbona ulikubali waandike uliteleza?

"Mpwa wangu, fundi akisema amezirai, nani atampandisha juu tena? Watasema ana kifafa."

4. Hapo ndipo nilishtuka. Foremani alilitaka neno "aliteleza" kwa sababu linaweka kosa kwenye miguu ya mjomba. Mjomba alilitaka kwa sababu linalinda jina lake kazini. Watu wawili wenye maslahi tofauti kabisa walikubaliana, na joto likatoka kwenye rekodi. Hakuna aliyefuta takwimu. Hazikuandikwa.

5. Kwanza tuelewe mwili, ndio historia ieleweke. Ukiwa kwenye joto kali, mwili unatuma damu nyingi kwenye ngozi ili ipoe. Mishipa inapanuka. Ukiwa umesimama muda mrefu, damu inakaa miguuni. Ukitokwa na jasho bila kunywa maji, kiasi cha damu chenyewe kinapungua. Ubongo unakosa damu ya kutosha kwa sekunde chache, na unazirai.

6. Ukizirai ukiwa chini, mara nyingi unalala kidogo, unapata fahamu, mtu anakupa maji, mnacheka. Ukizirai ukiwa mita sita juu, ni habari nyingine. Joto ni lilelile na mwili ni uleule. Kinachotofautisha aibu ndogo na mfupa uliovunjika ni mahali ulipowekwa usimame. Kumbuka sentensi hiyo, kwa sababu mahakama iliifikia mwaka 1905.

7. (Kuna hali mbaya zaidi: kiharusi cha joto. Mwili unapita nyuzi 40, mtu anaanza kuongea ovyo, anachanganyikiwa au anapoteza fahamu. Hiyo si ya kupumzishwa tu kivulini. Mmwagie maji, mpepee, na mtafute matibabu haraka, maana inaua.)

8. Sasa twende Uingereza. Si kwa sababu naipenda, ni kwa sababu sheria yetu ya fidia ilitokea huko. Mwaka 1897 bunge lao lilipitisha sheria ya fidia kwa wafanyakazi. Kabla ya hapo, ukiumia kazini ilibidi uthibitishe kwamba bosi alikosea. Sheria mpya ikasema: hapana, inatosha kwamba uliumia kwa ajali iliyotokana na kazi na iliyotokea wakati wa kazi. Shika maneno hayo mawili, "iliyotokana" na "wakati". Mapigano yote ya baadaye yalikuwa juu yake.

9. Kesi ya kwanza: Wicks dhidi ya Dowell, 1905. Jamaa mmoja alikuwa akishughulika na upakuaji wa makaa ya mawe melini. Kazi ilimlazimu kusimama karibu na mlango wa shimo la mizigo, na shimo liko wazi. Alikuwa na ugonjwa wa kifafa. Ukampanda akiwa hapo, akaanguka ndani ya shimo, akaumia vibaya.

10. Hoja ya mwajiri unaweza kuikisia, maana hata leo unaisikia: ugonjwa ni wake, alikuja nao, sisi tunahusikaje? Mahakama ya Rufaa ikakataa. Ni kweli kifafa kilikuwa chake. Lakini aliyemsimamisha kando ya shimo ni kazi, na kilichomuumiza ni kuanguka shimoni. Kwa hiyo ajali ilitokana na kazi. Akapewa fidia.

11. Soma tena jibu la mjomba pale namba 3. Alificha kuzirai kwake kwa sababu aliogopa kuitwa mgonjwa wa kifafa. Na huku mgonjwa wa kifafa halisi alikuwa ameshinda kesi ya namna hiyohiyo zaidi ya karne moja iliyopita. Hakuna aliyewahi kumwambia.

12. Kesi ya pili: Williamson, 1908. Hii ilifika juu kabisa, kwenye Baraza la Malordi. Mfanyakazi wa chumba cha tanuru kwenye meli ya mvuke, ambaye afya yake haikuwa nzuri, alikuwa akitoa majivu kwenye tanuru. Joto likamzidi, akafa kwa kiharusi cha joto. Kampuni iliyoshtakiwa ni Ismay, Imrie, ndio haohao watu wa White Star, ambao meli yao Titanic ilizama miaka minne baadaye.

13. Swali lilikuwa: je, kupigwa na joto ni "ajali"? Hakukuwa na kitu kilichovunjika, hakuna kamba iliyokatika, hakuna aliyeteleza. Na kila mtu anajua chumba cha tanuru kina joto. Kitu unachokitarajia kinawezaje kuitwa ajali? Baraza likaamua kwamba ndiyo, ni ajali. Joto la kazi lilimpiga ghafla akiwa kazini, na udhaifu wa mwili wake haukuondoa haki ya familia yake.

14. Kwa hiyo kufikia 1908 mambo mawili yalikuwa yameshasemwa na mahakama. Moja, mtu akizirai na kuanguka kutoka mahali pa hatari ambapo kazi ilimweka, hiyo ni ajali ya kazi. Mbili, joto lenyewe likimuua mtu kazini linaweza kuwa ajali ya kazi. Ukisikia mtu jukwaani anasema ulinzi dhidi ya joto ni "mambo mapya ya wazungu wa mazingira", mwambie kwa upole: boss, haya ni ya kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia.

15. Lakini haki iliyoandikwa mahakamani haifiki yenyewe kwenye mjengo. Tuvuke bahari tuone joto lilivyofichwa kwa majina mengine. Nina mifano mitatu, na nimeichagua kwa sababu kila mmoja unaonyesha mlango tofauti wa kulitoa joto kwenye rekodi.

16. Mfano wa kwanza, Marekani, 1931. Bwawa la Hoover linajengwa kwenye bonde la mawe jangwani. Kiangazi hicho joto la mchana lilikuwa likigonga karibu nyuzi 49. Kati ya mwisho wa Juni na mwisho wa Julai watu zaidi ya 10 walikufa kwa joto. Agosti wafanyakazi wakagoma, na kati ya madai yao yalikuwamo maji safi ya baridi. Hebu fikiria, watu wanagoma ili wapewe maji ya kunywa.

17. Mgomo ulivunjwa, ingawa makazi na maji viliboreshwa baadaye. Kule kwenye mahandaki ya bwawa hilohilo, wafanyakazi waliokuwa wakivuta moshi wa magari walianguka wagonjwa, na wengi waliokufa waliandikwa kwamba wamekufa kwa nimonia. Wenzao walidai kwamba ilikuwa sumu ya moshi, na kwamba "nimonia" ilichaguliwa kwa sababu ni ugonjwa wa mtu binafsi, haulipiwi fidia. Kesi zilifunguliwa, na mwaka 1936 mambo yakamalizwa nje ya mahakama. Mlango wa kwanza ndio huo: ligeuze tatizo la kazi liwe ugonjwa wa mtu.

18. Mfano wa pili uko karibu nasi, migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, Afrika Kusini. Migodi ilizidi kuchimbwa chini, na chini kuna joto na unyevu. Miaka ya 1920 vifo vya kiharusi cha joto vikaanza kuonekana. Waliokuwa wakishuka huko ni Waafrika, wengi wao wakiwa wahamiaji kutoka Msumbiji, Basutoland na kwingineko, kwa mikataba ya muda.

19. Daktari wa mgodi wa City Deep, A. O. Dreosti, akaanza kuwapima wageni kabla hawajapewa kazi nzito, na mwaka 1935 akachapisha matokeo. Alichokiona kinathibitishwa hadi leo: mwili unaweza kuzoea joto, lakini unahitaji siku. Unaanza kutoa jasho mapema, moyo unatulia, damu inaongezeka. Hilo linachukua kati ya wiki moja na mbili. Mgeni akipewa mzigo kamili siku ya kwanza, yuko hatarini kuliko mwenzake aliyekaa mwezi, hata kama mgeni ndiye mwenye misuli.

20. Tusiwape wenye migodi sifa ambazo si zao. Hawakufanya hivyo kwa huruma. Mfumo uliokuwa ukiwapima watu kama mifugo ulitaka dhahabu isisimame. Lakini hilo linatufundisha kitu: waajiri wakubwa wa bara hili walijua tangu miaka ya 1930 kwamba siku za kwanza ndizo mbaya. Ujuzi ulikuwepo. Haukushuka mpaka kwa fundi wa mabati.

21. Leo mamlaka ya usalama kazini ya Marekani inasema karibu nusu ya vifo vya joto kazini hutokea siku ya kwanza ya mtu, na zaidi ya asilimia 70 katika wiki ya kwanza. Wataalamu wao wanashauri mgeni apewe asilimia 20 tu ya muda wa joto siku ya kwanza, kisha aongezewe kidogo kidogo, si zaidi ya asilimia 20 kwa siku.

Mjomba alitoka Kinangop Jumapili. Jumatano alikuwa chini.

22. Mfano wa tatu, Ghuba, ambako ndugu zetu wengi wanafanya kazi ya ulinzi, usafi na ujenzi. Qatar ilipokuwa ikijenga viwanja vya Kombe la Dunia, vyeti vingi vya vifo vya vijana wahamiaji viliandika "kifo cha kawaida" au "moyo kusimama". Moyo kusimama! Kila anayekufa moyo wake husimama. Hilo halielezi kilichousimamisha.

23. Mwaka 2019 watafiti walichapisha uchunguzi wa vifo vya wafanyakazi wa Nepal nchini Qatar kati ya 2009 na 2017. Waliviweka vifo vya moyo sambamba na joto la kila mwezi. Miezi ya joto, vifo vikapanda. Kati ya vifo 571 vya moyo na mishipa, walikadiria kwamba hadi 200 vingeweza kuzuiwa kama kungekuwa na ulinzi wa kutosha dhidi ya joto. Mlango wa pili: andika jambo ambalo ni kweli, lakini halisemi chochote.

24. Mwaka 2021 Qatar ikabadilisha sheria. Kazi za nje zikapigwa marufuku kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 na nusu alasiri, kuanzia Juni 1 hadi Septemba 15. Zaidi ya hapo, kazi isimame wakati wowote kipimo kinachochanganya joto, unyevu, jua na upepo kikipita 32.1. Utekelezaji ni hadithi nyingine, wengi hapa mna ndugu wanaoweza kuisimulia. Lakini namba imeandikwa.

25. Na mlango wa tatu ndio wa mjomba: andika kilichotokea mwisho, acha kilichokitangulia. "Alianguka." "Alijikata." "Aligongwa na mashine." Huu ndio mgumu kuugundua, kwa sababu hakuna anayedanganya waziwazi.

26. Walioufungua vizuri ni watafiti wa California. Walichukua zaidi ya rekodi milioni 11 za watu walioumia kazini kuanzia 2001 hadi 2018, wakaangalia siku hiyo mahali hapo palikuwa na joto kiasi gani. Siku zilizopita nyuzi 38 hivi, hatari ya kuumia ilipanda kwa asilimia 10 hadi 15 ukilinganisha na siku za baridi ya wastani. Na sehemu kubwa haikuandikwa kama magonjwa ya joto. Zilikuwa ajali "za kawaida": kuanguka, kubanwa na mashine. Joto hupunguza umakini kabla halijakuzimisha.

27. Kitu kingine walichokiona: California iliweka kanuni ya joto kwa kazi za nje mwaka 2005, ya maji, kivuli na mapumziko, baada ya vifo vya wafanyakazi wa mashambani. Baada ya hapo, athari ya siku za joto kwa majeraha ikapungua. Maji, kivuli na mapumziko, basi.

28. Sasa turudi nyumbani. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilileta Kenya sheria ya fidia iliyobeba maneno yaleyale ya 1897, ajali iliyotokana na kazi na wakati wa kazi. Sheria ya Viwanda ikafuata, ikaanza kutumika 1951, nayo ilinakiliwa kutoka ile ya Uingereza ya 1937. Jina lenyewe linakuambia macho yake yalikuwa wapi: ndani ya kiwanda, kwenye mashine. Jua halikuwa mashine ya mtu.

29. Hapa kuna neno la kujadili: kibarua. Asili yake ni barua ndogo, kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya siku. Karne ya 19, Zanzibar na Mombasa, baadhi ya vibarua walikuwa watumwa waliokodishwa kwa siku, na sehemu ya ujira ikaenda kwa bwana. Yaani neno letu la kila siku lilizaliwa na maana hii: uhusiano wetu ni wa leo tu, kesho sikujui. Karatasi imepotea lakini fikra imebaki.

30. Mjomba alipouliza kuhusu fidia, aliambiwa: "Wewe si mwajiriwa, wewe ni kibarua." Familia ikaitisha harambee. Mama aliuza ng'ombe mmoja kwa ajili ya nyonga ya kaka yake. Sasa tuangalie kama alichoambiwa ni kweli.

31. Si kweli. Mwaka 2007 bunge letu lilipitisha sheria kadhaa za kazi kwa pamoja. Ile ya majeraha kazini, inayojulikana kama WIBA, inamhesabu kuwa mwajiriwa mtu yeyote aliyeajiriwa kwa ujira chini ya mkataba wa kazi. Mkataba unaweza kuwa wa mdomo. Mwajiri anatakiwa kuripoti ajali kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku 7 baada ya kupewa taarifa, na ndani ya saa 24 kama kuna kifo. Fomu ipo, inaitwa DOSH/WIBA 1.

32. Sheria hiyo ilikaa kwenye kesi miaka mingi. Mawakili waliipinga, Mahakama Kuu ikafuta baadhi ya vifungu mwaka 2009, Mahakama ya Rufaa ikavirudisha vingi 2017, na Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikafunga mjadala kwa kuunga mkono uamuzi wa Rufaa. Miaka hiyo yote mkanganyiko ulikuwa mkubwa: niende kortini au kwa Mkurugenzi? Mkanganyiko huwa haumuumizi mwenye wakili.

33. Lazima niwe mkweli hapa, maana kuna mtu atanirekebisha kwenye maoni. Kwa upande wa fidia, kuteleza na kuzirai vyote ni ajali. Mjomba angestahili malipo hata kwa neno "aliteleza". Alichonyimwa ni fomu. Haikujazwa wala kupelekwa. Na dai lina muda wa miezi 12. Tulipokuja kujua haya, muda ulikuwa umepita.

34. Basi neno lina kazi gani? Lina kazi kwa yule atakayefuata. Ukiandika "aliteleza", suluhisho ni viatu na "kuwa makini". Ukiandika "alizirai kwa joto, siku ya tatu tangu atoke nyanda za juu, saa saba mchana, juu ya mabati, maji yako chini", suluhisho ni saa za kazi, maji na kuzoeshwa. Ripoti ya kwanza inamrekebisha mtu aliyekwisha kuvunjika. Ya pili inarekebisha kazi.

35. Na ndiyo maana ile hoja ya "hakuna takwimu" inanikera. Takwimu zinatengenezwa kutokana na fomu. Fomu inatengenezwa kutokana na neno la foremani. Foremani ana sababu ya kuandika "aliteleza", fundi ana hofu ya kusema "nilizirai", kibarua hapewi fomu kabisa. Halafu mwisho wa safari mtu aliyekaa kwenye chumba chenye feni anasema: mnaona, hakuna kitu.

36. Picha ya dunia ipo. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2024 kwamba wafanyakazi bilioni 2.41 hukumbana na joto kupita kiasi kila mwaka, na kwamba linasababisha majeraha milioni 22.85 na vifo 18,970. Afrika ndiyo inaongoza kwa sehemu ya wafanyakazi walio hatarini, zaidi ya asilimia 90. Ukisema Kenya hakuna, unasema sisi tuko nje ya bara.

37. Sheria yetu ya usalama kazini ya 2007 si tupu. Inamtaka mwajiri atoe maji safi ya kunywa. Inamtaka atathmini hatari za kazi yake. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi, panatakiwa kamati ya usalama. Na inampa mfanyakazi haki ya kuripoti hatari kubwa iliyo mbele yake, bila kulazimishwa kurudi pale kabla haijaondolewa. Kisichokuwepo ni namba: joto likifika hapa, kazi ya juani inasimama.

38. Hoja ya upande wa pili nitaieleza kwa haki, kwa sababu si ya kipuzi. Wanasema: mwanakandarasi mdogo atafilisika, na mtu wa kulipwa kwa siku akisimamishwa saa nne, ni yeye anayelala njaa. Hiyo ya pili ni kweli kabisa. Mapumziko yasiyolipwa ni adhabu yenye jina zuri. Fundi atakataa kivuli ili apate unga, na hatuwezi kumlaumu.

39. Lakini jibu si kuacha. Mafundi wengi wa Pwani wameshalipata wenyewe: kazi inaanza alfajiri, kazi za juu zinamalizwa kabla jua halijawa kali, mchana mnakata na kupima vipimo kivulini, jioni mnarudi juu. Ujira ni uleule. Kinachotakiwa ni mtindo huo uwe kanuni, usitegemee huruma ya foremani. Na ndoo ya maji ipande juu pamoja na misumari.

40. Kwa hiyo mgombea yeyote, wa rangi yoyote ya fulana, akifika mtaani kwako kuzungumzia ajira, muulize maswali manne tu:

a) Ni kiwango gani cha joto ambacho kazi ya nje itasimama, na saa hizo nani atalipa?
b) Mgeni kazini atazoeshwa kwa siku ngapi?
c) Kibarua akianguka, nani atajaza fomu, na mwajiri asipoijaza atafanywa nini?
d) Fomu hiyo itauliza saa ya ajali, hali ya joto na siku ngapi mtu alikuwa kazini?

Swali la mwisho linaonekana dogo. Ndilo litakalozalisha takwimu wanazodai hazipo.

41. Na wewe mwenyewe, ukimuona mwenzako ameanguka kazini, andika. Saa ngapi, alikuwa wapi, alisema nini kabla, maji yalikuwa wapi, nani aliona. Piga picha. Mpe mwajiri taarifa kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, ili tarehe ibaki. Miezi 12 inaisha haraka sana nyumbani kukiwa na mgonjwa.

42. Nilimsomea mjomba uzi huu kabla sijauweka. Aliuliza tu kuhusu yule mtu wa 1905, yule wa makaa. "Kwa hivyo huyo alisema ukweli kwamba ni kifafa, na bado wakamlipa?"

Nikamwambia ndiyo.

Akakaa kimya, halafu: "Basi andika. Andika nilizirai."

Nimeandika.

Mwisho wa uzi. Kama kuna mtu kwenu "aliteleza" mchana wa Februari au Machi, muulize vizuri.